Lenzi ya Milimita 50 Isiyo na Zumu: Uchambuzi kwa Anayeanza Kutengeneza Filamu

Karibuni, watazamaji. Lenzi hii niliyoishika ni ya milimita 50 (huo ni urefu wake wa fokasi, unaoamua upana wa eneo inaloliona), tundu lake la kupitishia mwanga hufunguka hadi f/1.8, na haina zumu. Canon, Nikon na Sony kila mmoja anayo ya kwake, na zile nyepesi za aina hii hazifiki gramu 200, hivyo ukishaifunga kwenye kamera huenda ukasahau kwamba ipo. Watu wengi huisifu kwa jinsi inavyotia ukungu nyuma ya mtu, na sifa hiyo inastahili, lakini leo nitaipima kwa jambo jingine. Kwa kuwa haikuruhusu kusimama mahali pamoja na kuzungusha pete mpaka picha ipendeze, lenzi hii hukulazimisha kujifunza msamiati wa kamera kwa miguu yako mwenyewe.

Tuanze na ukubwa wa picha. Kamera niliyotumia ina kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea picha, cha ukubwa uitwao APS-C, ambacho ni kidogo kuliko kile cha milimita 36 kwa 24, na kwenye kihisi cha namna hiyo lenzi ya 50 huona eneo jembamba, kama vile ingekuwa ya 75 au 80 kwenye kihisi kikubwa. Nilimsimamisha mtu mzima mbele yangu, nikataka aonekane kuanzia utosini hadi nyayoni na nafasi kidogo ibaki juu ya kichwa. Nililazimika kurudi nyuma kama mita 7. Hiyo ni picha ya mwili mzima. Picha ya kati, inayomkata kiunoni, niliipata nikiwa umbali wa mita 3 na ushei, na picha ya karibu, ya kichwa na mabega, niliipata kwa mita 1.5. Ukitaka kwenda karibu zaidi, hadi jicho moja lijaze fremu, hapo lenzi itakukatalia, kwa maana fokasi yake haishiki kitu kilicho karibu kuliko sentimita 35 au 45, kutegemea toleo ulilonunua.

Huenda ukajiuliza, kwani kuna tofauti gani kati ya kusogea na kuvuta zumu, ikiwa mwisho wake mtu ataonekana mkubwa vilevile? Tofauti ipo, na kwa maoni yangu ndilo somo kubwa kuliko yote ambayo lenzi hii inafundisha. Chukua mtu aliyesimama mita 3 kutoka kwenye kamera, na nyuma yake, mita 3 nyingine, pana mlango. Ukivuta zumu hadi mtu awe mkubwa mara mbili, mlango nao utakuwa mkubwa mara mbili, kwa sababu zumu hukuza kila kilichomo ndani ya fremu kwa kipimo kimoja. Sasa acha zumu, usogee mbele mita 1.5. Mtu amekuwa mkubwa mara mbili, lakini mlango, ambao ulikuwa mita 6 na sasa uko mita 4.5, umekua kwa theluthi moja tu. Mtazamaji wa filamu hawezi kukupigia hesabu hiyo, ila anaihisi: katika zumu anaonyeshwa kitu kwa ukaribu, katika mwendo anapelekwa mwenyewe hadi kilipo. Mwendo huo wa kamera nzima kusogea mbele au nyuma ndio wapiga picha wanaouita doli, na usiuchanganye na pani, ambayo kamera hubaki mahali pake ikageuka kushoto au kulia, wala na tilti, ambayo hugeuka juu au chini.

Kuhusu tundu. Wanaoanza huchanganyikiwa kwamba namba ndogo ni tundu kubwa, na kosa si lao, ni kwamba hakuna aliyewaambia kuwa ile ni sehemu ya mgawanyo. Gawanya 50 kwa 1.8, utapata tundu lenye upana wa milimita 28 hivi. Gawanya 50 kwa 8, utapata milimita 6 na kidogo. Lenzi ya zumu inayouzwa pamoja na kamera nyingi, ile ya 18 hadi 55, ikifika karibu na 50 tundu lake kubwa kabisa huwa f/5.6, kwa hiyo hii ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Ndani ya chumba chenye taa moja, tofauti hiyo inatosha kuiokoa picha isijae chengachenga.

Hata hivyo, msifungue tundu lote kwa sababu tu linafunguka. Katika picha ya karibu niliyoieleza, ya mita 1.5, kwa f/1.8 eneo lililo wazi katika fokasi lina kina cha sentimita 6 hivi. Tazama uso wa mtu kutoka upande: ukope uko wazi kiasi cha kuhesabu unywele mmoja mmoja, sikio limeshaanza kufifia, na akiinama kidogo kusisitiza neno, macho yenyewe yanatoka nje ya fokasi. Mtu anayeongea na kutikisa kichwa mpigeni kwa f/4, ambayo inawapa karibu sentimita 14, na ukungu wa nyuma bado utabaki wa kupendeza.

Nje juani mambo hugeuka. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, inayoonyesha mwendo wa kawaida ni sehemu 1 ya 50 ya sekunde, na huwezi kuiongeza sana kabla mikono ya mtu haijaanza kuonekana ikirukaruka. Kwa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) katika jua kali, kasi hiyo inataka tundu la f/22. Ukitaka kubaki na f/1.8 itabidi ufunge mbele ya lenzi kichujio cha ND kinachopunguza mwanga mara 128 au zaidi, na kabla hujanunua, soma upana wa uzi ulioandikwa mbele ya lenzi, maana toleo moja ni milimita 49 na jingine ni 58. Mpangilio huo wa shata, wa kupokea mwanga kwa nusu ya muda wa kila fremu, huitwa wa nyuzi 180, nao hauhusiani kabisa na ule mstari wa nyuzi 180 unaochorwa kati ya watu wawili wanaozungumza, ambao kamera hukaa upande wake mmoja ili kila mmoja aendelee kutazama upande uleule katika kila picha. Majina yanafanana kwa bahati mbaya.

Sasa niseme kilichonikera. Niliyoazima kwa majaribio haya huendesha fokasi kwa mota, na pete yake haijaunganishwa na vioo moja kwa moja. Nilitaka kuhamisha fokasi kutoka kikombe kilicho mbele hadi uso ulio nyuma, nikabandika utepe kwenye pete na kuweka alama mbili kama ilivyo desturi. Nilipozungusha polepole, ilifika. Nilipozungusha haraka, ilipita. Alama zangu hazikuwa na kazi, kwa kuwa pete hiyo inasoma kasi ya mkono pamoja na umbali wake. Juu ya hayo, fokasi inapohama fremu nayo hutanuka na kubana kidogo, kana kwamba picha inapumua, na maikrofoni ya kamera ilinasa mlio wa mota. Zipo lenzi za zamani za fokasi ya mkono, za milimita hizihizi, ambazo pete yake hugota mwanzo na mwisho, na kwa zoezi hilo moja ningezichagua hizo.

Lenzi hizi nyepesi pia hazina kizuia mtikisiko, na kwa wembamba wa picha yake kwenye APS-C kila pumzi yako itaonekana ukishika kamera mkononi. Iweke kwenye tripodi, na ukifanya pani, acha kitu kichukue kama sekunde 7 kuivuka fremu.

Kwa mwenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, ninaipendekeza bila kusita. Mwenye APS-C apime kwanza chumba atakachofanyia kazi: ikiwa kutoka ukuta hadi ukuta hazipatikani mita 7, picha ya mwili mzima hataipata ndani humo kwa lenzi hii, na zisipofika mita 5, hata ya milimita 35 haitamtosha vizuri, na badala yake atafute ya 24, ambayo itaikamilisha kwa mita 3 na nusu.