Nimeng'oa vilengeo vya kiwandani na kufunga darubini kwenye bastola ya kuwindia

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Kabla ya neno lolote, tazameni hapa: silinda iko nje, matundu yote sita ni matupu, mwanga unapita mpaka upande wa pili. Risasi hazimo kabisa katika chumba hiki. Na wewe ukitaka kufanya kazi hii, anzia hapo.

Bastola yenyewe ni Smith & Wesson Model 629, kaliba ya .44 Magnum, ile ya mtutu mrefu wa inchi 8 na kidogo. Nimewinda nayo kwa vilengeo vyake vya kiwandani, vile vyuma vidogo vya kulengea juu ya bastola, kwa muda mrefu, na vilengeo vile havina ubaya wowote. Kilichobadilika ni jicho langu. Ukilenga kwa vilengeo vya chuma, jicho linatakiwa kushughulika na vitu vitatu kwa mpigo: pengo la kilengeo cha nyuma, ncha ya mbele, na mnyama aliye kule mbali. Haliwezi kuviona vyote vitatu sawasawa, kwa hiyo tunafundishwa kuikazia macho ncha ya mbele na kuacha vingine vififie. Umri ukisonga, hata hiyo ncha inaanza kuwa na ukungu pembeni.

Ngoja niwaonyeshe jambo moja kwa kipimo. Hii ncha ya mbele ina upana wa milimita 3.2. Nikinyoosha mikono, inakaa kama sentimita 85 kutoka jichoni. Pigeni hesabu: kwenye mita 50, hicho kipande chembamba cha chuma kinafunika upana wa karibu sentimita 19. Sasa kwa mnyama wa saizi ya kulungu, eneo la moyo na mapafu ni kama hilohilo! Yaani mahali pale ninapotaka risasi iende, ndipo ninapopaziba. Kwenye mita 100 kinafunika karibu sentimita 38, na hapo kusema kweli unabahatisha, na mnyama hastahili kubahatishiwa.

Ndiyo maana nikahamia darubini. Lakini jamani, naomba mnisikilize vizuri hapa: darubini ya bunduki ndefu haifai kwenye bastola. Ile imetengenezwa jicho likae sentimita 8 mpaka 10 kutoka kwenye lenzi. Ukiileta .44 Magnum karibu na uso kiasi hicho, ikipiga teke inakuja na chuma chote usoni. Darubini ya bastola imetengenezwa itazamwe mkono ukiwa umenyooshwa, zaidi ya sentimita 40 kutoka jichoni. Ni chombo tofauti kabisa, hata kama kwa nje vinafanana.

Nimetumia mbili, zote za Leupold: FX-II 4x28 na FX-II 2x20 (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita). Nilianza na ile ya kukuza mara 4, kwa sababu niliwaza kama wengi wanavyowaza, kwamba ikikuza zaidi ndiyo bora zaidi. Kwenye benchi, bastola imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, ilikuwa raha tupu. Porini ikanishinda. Nimesimama, mnyama katoka kichakani mita 40 hivi, nanyanyua bastola, ndani ya darubini naona weusi. Nasogeza mkono kidogo, picha inakuja, inapotea tena. Nilipoipata, ule msalaba wa kulengea ndani ya darubini ulikuwa unacheza huku na huku kila moyo unapodunda. Mnyama aliingia zake msituni, na sikufyatua. Nashukuru sikufyatua.

Sababu yake ni hesabu ndogo tu. Chukua upana wa lenzi ya mbele, gawanya kwa ukuzaji. 28 kwa 4 unapata 7: mwali wa mwanga unaotoka kuja jichoni una upana wa milimita 7. Kwa ile nyingine, 20 kwa 2 ni milimita 10. Kwenye bunduki ndefu shavu linaegemea kitako, kwa hiyo jicho linajua pa kukaa. Bastola iko hewani, mwisho wa mikono yako. Hizo milimita 3 za ziada ndizo zinazokupa picha mara tu unaponyanyua. Tena ukuzaji mdogo unakupa eneo pana la kuona, kwa hiyo humtafuti mnyama kama unachungulia tundu la ufunguo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kama unapiga ukiwa umesimama au umepiga goti, chukua ya mara 2. Ya mara 4 mwachie anayekaa mahali pamoja, mwenye kitu cha kuegemeza mikono kila mara. Zipo pia zinazobadilika, kama mara 2 mpaka 7. Hizo ni nzuri, ila nzito zaidi, na watu wengi wanazisahau kwenye 7.

Kufunga sasa. Kwenye Model 629 hii unafungua skrubu, unatoa kilengeo cha nyuma kizima, na chini yake unakuta matundu yenye nyuzi tayari. Hapo ndipo inapokaa reli, kile chuma kinachobeba darubini. Tumia bisibisi inayojaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, la sivyo utauharibu. Futa mafuta yote kwenye skrubu na kwenye matundu kwa spiriti, tia tone moja la gundi ya skrubu, kaza kwa kipimo alichoandika mtengenezaji wa reli. Mafuta hayo niliyapuuza mara ya kwanza. Kwa bahati nilikuwa nimechora mstari wa penseli kwenye bomba la darubini, pale linapokutana na pete inayolishikilia kwenye reli. Baada ya risasi 12 mstari ulikuwa umeachana na pete kwa milimita nzima. Bastola inaruka nyuma, darubini inataka kubaki ilipo, kwa hiyo inateleza kwenda mbele. Nilifungua nikasafisha, nikaongeza pete ya tatu, na mpaka leo mstari haujasogea.

Kusawazisha, yaani kurekebisha darubini ili risasi igonge pale unapolenga, anza mita 25. Darubini nyingi hurekebishwa kwa hatua za robo dakika ya pembe (dakika ni sehemu moja ya 60 ya digrii), yaani karibu milimita 7 kwenye mita 100. Kwenye mita 25 hatua moja haifiki hata milimita 2, kwa hiyo usishangae ukizungusha hatua nne na usione tofauti. Kwa risasi ninazotumia, za uzito wa greni 240, nikigonga katikati kwenye mita 25, kwenye 50 nakuwa karibu palepale. Kwenye 100 zinashuka zaidi ya sentimita 10.

Na kuna vitu nimevipoteza. Mkoba wangu wa kiunoni hauingii tena, itabidi wa kifuani. Darubini yenyewe haifiki gramu 200, lakini ongeza reli na pete tatu, juu ya bastola ya kilo moja na nusu, mikono inajua. Mvua ikinyesha, tone moja kwenye lenzi linaharibu picha yote. Na moshi unaotoka kati ya silinda na mtutu unapaka masizi chini ya bomba kila ukipiga. Yafuteni mapema, yakikauka yanashika. Kama unawinda kwenye kichaka kizito, mnyama yuko mita 15 tu, bakia na vilengeo vyako. Vitakuwa vyepesi kutumia kuliko darubini hii.

Kilengeo changu cha zamani nimekitia kwenye kifuko pamoja na skrubu zake zote, nimekibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la bastola. Hiki hapa. Dakika kumi kinarudi mahali pake, ila kikirudi lazima kisawazishwe upya.