Jioni ya kahawa na historia ya Misri, Moshi mjini

Mkahawa mdogo ulio karibu na mnara wa saa, hapa Moshi, umeanza kuuza kahawa ya birika jioni za Jumamosi pamoja na mazungumzo ya historia yanayoongozwa na mwalimu mstaafu, na kwa sasa mada ni Misri ilipokuwa jimbo la Milki ya Osmani, kuanzia mwaka 1517.

Mwalimu anaanza na gunia la kahawa, si na masultani, na huo ni uamuzi mzuri. Kahawa iliyovunwa katika milima ya Yemen iliuzwa kwenye soko la Bayt al-Faqih, ikasafirishwa kwa majahazi kupitia Jeddah hadi Suez, kisha ikabebwa na ngamia hadi Cairo, ambako wafanyabiashara walitajirika nayo. Katika karne ya 17 askari wa Yanisari, kikosi cha jeshi la Osmani, walijipenyeza hadi forodhani na kuchukua sehemu ya ushuru. Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni ile ya daftari za makadhi, kwa kuwa ndani yake wanawake wanaonekana wakidai madeni, wakiuza nyumba na kuweka mali zao wakfu. Hapo mwalimu hakuharakisha hata kidogo, nami ningemsikiliza hadi usiku wa manane.

Upungufu ni kwamba mkulima wa Yemen anatajwa mara moja tu na kuachwa. Katika mji ambao wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, kisha chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, ili wawe na sauti katika kuuza mazao yao, hilo ni pengo kubwa. Mzee mmoja kutoka Kibosho aliuliza ni nani aliyepanga bei kule milimani, na swali lake lilistahili kupewa jioni nzima.

Kahawa yenyewe ni nzuri: chungu, ya moto, yenye tangawizi ya kiasi, na kashata zake hazijazidi sukari. Wenye mkahawa wazime mashine ya juisi wakati wa mazungumzo, kwani waliokaa nyuma hawasikii. Mabenchi ni machache, hivyo ni vyema kufika kabla ya saa kumi na moja na nusu.