Uzoefu wangu: Sikaflex-221 kwenye paa la Defender linalovuja

Land Rover Defender yangu ilikua inavuja kila mvua ikinyesha, maji yanamdondokea dereva gotini, kapeti la nyuma nalo linaloa, na ukikagua nje huoni tundu lolote. Nimetumia Sikaflex-221, ile dawa ya kuzibia ya poliyuretheni ya kwenye tyubu inayosukumwa na bunduki, mvua kubwa zimeshapita juu yake na gari liko kavu kabisa, yani nimefurahi mno.

Kwanza ujue paa la hizi gari ni la aluminiamu, na pembeni kuna ule mfereji wa kupeleka maji, kwenye maungio yake kiwandani wanapaka mastiki, yani dawa ya kuzibia maji yasipenye. Gari likipiga sana barabara mbovu bodi inacheza, na mastiki ya zamani ishakauka haiwezi kucheza nayo kwahiyo inachanika ufa mwembamba kama unywele. Ukiweka na keria lililobana kwenye mfereji af ukapakia mzigo, ndo kabisa.

Shida kubwa ni kujua maji yanaingilia wapi maana yanaingia huku yanatokea kule, yanatembea kati ya bati na silingi. Sisi tulishusha silingi, mwenzangu akakaa ndani na tochi, mi nje na mpira wa maji, presha ndogo, unaanza chini unapanda pole pole na kila sehemu unasubiri kwanza. Yale maji ya gotini tukayakuta yanaingilia kwenye kona ya mfereji juu ya kioo cha mbele, halafu yanateremka na nguzo ya mlango! Kwa kuangalia tu nisingepajua kamwe.

Aliyekua na gari kabla yangu alipaka silikoni ya madirisha juu ya mastiki mbovu. Jamani msifanye hivyo, rangi haishiki juu ya silikoni, na ile inayonuka kama siki inatoa asidi inayokula bati. Kuitoa ndo kazi yenyewe, unakwangua na kipande cha plastiki, unapiga msasa laini, unafuta na spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, na palipobaki bati tupu unapaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini.

Sikaflex yenyewe inatoka nzito, haichuruziki hata ukipaka pa kusimama. Nilibandika maskin tepu pande zote mbili, nikasawazisha na kidole chenye glavu, tepu nikaitoa mapema kabla haijaota ngozi, una kama saa 1 hivi ya kuchezea. Inakauka kwa unyevu wa hewani kuanzia nje kwenda ndani, milimita chache tu kwa siku, kwahiyo usirundike na usikimbilie kulimwagia gari maji. Ikikomaa inabaki na mnyumbuko kama mpira, na hicho ndo paa la gari la porini linachotaka. Pigia rangi juu yake maana jua linaichosha.

Ubaya wake, ikigusa ngozi haitoki kirahisi, na tyubu ukishaifungua inagandia mdomoni, panga umalize siku hiyo hiyo. Pia ni nzito mno kwa nyufa ndogo sana, huko dawa nyepesi ya kupenya yenyewe kama Captain Tolley's inafaa zaidi. Na vile vidirisha vya juu pembeni vikivuja shida huwa ni mpira wake, usipake kitu pale, badilisha mpira.