Mwongozaji wa hekalu la Meenakshi aliyetukatia hadithi katikati

Kama umepeleka mgonjwa Madurai, kusini mwa India, na daktari kawapa siku ya kupumzika, hekalu la Meenakshi nendeni. Ila yule mwongozaji wa pale nje ya lango, anayevaa kitambulisho kimegeuzwa ili msikisome, mpisheni mbali kama pikipiki isiyo na breki.

Urefu wa minara na saa za kufungua mtatafuta wenyewe. Mimi nina la kwangu na huyo bwana.

Mama alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na yeye ndiye aliyetaka kwenda. Wauguzi walimwambia mji huo una mungu mke mwenye macho kama samaki, na kwamba samaki, kwa imani yao, huangua mayai kwa kuyatazama tu, naye Meenakshi huwalea waja wake vivyo hivyo. Mama ni mtu wa swala tano, lakini hadithi nzuri haimpiti. Tukavua viatu, tukaacha simu kaunta (haziruhusiwi ndani), tukaingia.

Mwanzo mwongozaji alikuwa mzuri, sitamnyima haki yake. Alitusimulia habari za mfalme wa ukoo wa Pandya, Malayadhwaja, aliyekosa mtoto akatoa sadaka ya moto, na motoni akatoka binti wa miaka mitatu mwenye matiti matatu. Sauti ikasema la tatu litatoweka siku atakapomwona mumewe. Binti, ndiye huyo Meenakshi, akakua, akarithi kiti, akapiga vita nchi hadi nchi mpaka mlima Kailasa kwa mungu Shiva mwenyewe. Alipomtazama tu, titi likatoweka, jemadari akaona haya, vita vikaishia hapo. Mama akacheka peke yake: "Ee, huyo kapatikana!"

Kisha tukakaa kwenye ngazi za bwawa, lile lenye yungiyungi la dhahabu katikati. Akasema hakuna samaki humo. Korongo mmoja mcha Mungu aliacha kula samaki, akaogopa kushawishika, akamwomba Shiva bwawa lisiwe nao kabisa, naye akakubaliwa. Na zamani, wasomi wa Kitamil walipima vitabu hapohapo: kazi njema huelea, mbovu huzama. Mimi mtu wa Tanga, niliyekulia kwenye kusikia malenga wakichambuana vina, nikasogea karibu.

Basi akaanza habari ya Nakkirar, mshairi mmoja wa wasomi hao. Mfalme aliweka zawadi ya dhahabu kwa atakayemjibu kama nywele za mwanamke zina harufu nzuri ya asili. Maskini mmoja akaleta shairi, kumbe kalitunga Shiva. Nakkirar akalikosoa mbele ya baraza: nywele hunukia kwa maua na mafuta, hazina harufu yao. Shiva akaja mwenyewe kwa sura ya mshairi. Nakkirar hakutikisika. Shiva akauliza: hata nywele za miungu wa kike? Hata hizo. Shiva akafumbua jicho la tatu...

Bwana akatazama saa. "Iliyobaki nitawamalizia dukani kwa ndugu yangu. Juu kule minara inaonekana vizuri."

Nilidhani anatania. Hatanii! Kasimama, katangulia. Nikamwambia tumekulipa kwa ajili ya hekalu, si duka. Akanijibu bila kugeuka kwamba watu wa Afrika tuna haraka sana. Sisi! Nilikuwa na jibu lake mdomoni, Mama akanishika mkono: "Mwanangu, twende tu. Nataka kujua kilichompata yule mshairi."

Tukapandishwa ngazi za ghorofa, mgonjwa wa jicho na miwani yake myeusi, mpaka paani. Mitandio ikatandazwa, chai ikaletwa. Na hapo, wallahi, yule mtu akaimaliza hadithi kwa namna ambayo bado inanisumbua. Alisimama akawa Nakkirar, mwili unaungua, anasema hata ukifumbua jicho hilo kosa ni kosa, kisha akajitupa bwawani kuuzima moto. Baadaye alisamehewa. Mama alinunua mtandio kwa bei ambayo sitaitaja hapa.

Tuliporudi, hekalu limefungwa. Hufungwa mchana hadi alasiri, na yeye alijua tangu asubuhi. Ukumbi wa nguzo elfu, uliojengwa mwaka 1569 na kwa hesabu una nguzo 985, sikuona hata moja. "Rudini kesho, bei ileile," akasema. Bei ileile!

Na mengine aliyaruka kabisa. Sisi tusio Wahindu hatuingii chumba cha ndani, hilo sina neno nalo, ni kwao. Lakini hadi Julai 1939, Wahindu wenyewe wa matabaka ya chini walizuiwa mlangoni, mpaka mwanaharakati Vaidyanatha Iyer alipowaingiza kundi dogo. Hilo nimelisoma mwenyewe. Yeye alikuwa na habari za mitandio ya pashmina.

Usiku nilirudi peke yangu. Kila usiku Shiva hubebwa kwa machela ya fedha, ngoma na zumari mbele, moshi wa ubani, hadi chumbani kwa mkewe. Bure, bila mwongozaji. Nyota tano kwa hekalu, bila kusita. Ingawa nikiwa pale nilijikuta namweleza Mjerumani mmoja kwa nini mume ndiye anayekwenda kwa mke: nyumba ni ya mke, malkia ni yeye. Na hayo nilikuwa nimeyapata wapi kama si kwa yule kishoka?

Kwa hiyo mwongozaji nampa nyota moja. Haya, mbili, kwa sababu ya paani. Mama anasema tatu. Sawa, ila ile ya tatu ni ya Nakkirar.