Alimwagia Asidi Jiwe la Marehemu Baba: Uzoefu Wangu kwa Mpima Madini wa Mwanga

Naandika nikiwa bado na uchungu, ingawa mambo haya yalitokea kabla ya mvua kuanza. Nilipeleka jiwe aliloniachia marehemu baba, ambaye ujana wake aliumaliza kwenye migodi ya Katanga kabla ya kuvuka ziwa na kurudi Kigoma, kwa mtu mmoja wa hapa Mwanga anayesifika kwa kupima na kuthamini madini. Lilikuwa pande la kalsaiti, madini ya jamii ya chokaa, nyeupe kama maziwa, na juu yake zimekaa fuwele tano za rangi ya fedha, kila moja ina nyuso nane zinazong'aa kama kioo. Karatasi ya baba ilikuwa pamoja nalo, imeandikwa kwa penseli neno moja tu: Kambove (mji wa migodi huko Katanga).

Kazi aliianza vizuri, lazima niseme. Fuwele ya sita ilikuwa imejitenga yenyewe tangu zamani. Akaiweka kwenye mizani ikasoma gramu 9.4, kisha akaining'iniza kwa uzi ndani ya maji ikasoma 7.4. Akanieleza kwa upole kwamba tofauti ya gramu 2 ni uzito wa maji iliyoyasukuma, maana yake ni nzito mara 4.7 kuliko maji, kwa hiyo haiwezi kuwa galena, madini ya risasi, ambayo hufika 7.5. Akaisugua nyuma ya kigae, ikaacha mstari wa kijivu kilichokaribia weusi. Akasema ni karolaiti, yaani shaba, kobalti na salfa, na kwamba fuwele zake bora hutoka huko huko Katanga. Laiti angeishia hapo!

Nilipomuuliza thamani yake, aliligeuza jiwe, akaigonga kalsaiti kwa ukucha, akasema, "Mama, hii chokaa inakula uzito bure, ngoja tuisafishe." Kabla sijafungua kinywa, asidi ilikuwa imekwisha kumwagwa. Kalsaiti ikatoa povu na kuchemka, fuwele mbili zikang'oka na kuanguka kwenye sakafu ya saruji, moja ikavunjika ncha. Nilipopiga kelele hakuniangalia hata usoni: "Tulia, mama, madini hayajapotea." Kisha akaichukua karatasi ya baba, akafutia meza.

Mkusanyaji wa mawe halipii shaba iliyomo ndani. Hulipia fuwele isiyo na jeraha, ikiwa bado imekaa juu ya mwamba wake, na maandishi ya mahali ilikotoka. Vyote vitatu aliviharibu kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai, wakati tone moja la asidi kwenye pembe ya nyuma lingetosha kuitambua kalsaiti. Baada ya hapo akaniandikia thamani kwa kilo, kana kwamba nimempelekea nyaya chakavu.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba kwa kupima anafaa, ila kwa kuthamini msimpelekee kitu. Sasa hata hilo nalifuta, maana juzi alinipigia simu, akanisalimu kwa adabu zote, kisha akauliza kama zile fuwele zilizong'oka naziuza, na safari hii hakutaja kilo. Siwezi kudai kwamba alikusudia tangu mwanzo. Sikumjibu, na karatasi ya baba bado ninayo, ina tundu pale palipokuwa na herufi tatu za mwisho.