Uzoefu wangu na wakala wa mtandaoni katika kubadilisha jina la kisheria la kampuni ndogo

Tulimpa wakala wa mtandaoni kazi ya kubadilisha jina la kampuni yetu, na maoni yangu juu ya huduma yake ni kwamba aliifanya vizuri kazi iliyoandikwa katika makubaliano, lakini sehemu iliyo nzito kuliko zote ilibaki nje ya makubaliano hayo. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu wenye kampuni ndogo wengi huamini kwamba cheti chenye jina jipya kikishatoka shughuli imekwisha, na matangazo ya huduma za aina hii huikuza imani hiyo.

Kampuni yetu ina wanahisa wawili, mimi na mwenzangu, na jina lake la awali lilitaja uchapishaji wa kadi. Kadi zilikuwa kazi yetu tulipoanza, ila kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya mapato yetu hutokana na vifungashio na lebo za bidhaa, na kila tulipoomba zabuni ya vifungashio ilitubidi kwanza tueleze kwa nini kampuni ya kadi inaomba kazi hiyo. Hata kampuni kubwa hufikia hatua hii: Apple iliondoa neno «Computer» katika jina lake la kisheria mwaka 2007, wakati bidhaa zake zilipokuwa zimevuka mipaka ya kompyuta. Sababu yetu ilikuwa ya aina hiyo hiyo, kwa kiwango chetu.

Jambo la kwanza lililonipa imani na wakala huyu ni kwamba hakukimbilia kutuuzia huduma. Kabla ya malipo yoyote tulijaza dodoso fupi lililotutaka tueleze kama tunahitaji kweli kubadilisha jina la kisheria, au tunahitaji tu jina la kibiashara la kutumia mbele ya wateja. Hilo ni swali la msingi. Katika nchi nyingi kampuni inaweza kubaki na jina lake la kisheria na ikasajili jina jingine la kufanyia biashara, na njia hiyo ni nyepesi zaidi, kwa kuwa mikataba, akaunti za benki na kumbukumbu za kodi hazisumbuliwi. Dodoso lilitenganisha pia kampuni na biashara ya mtu binafsi, kwa sababu mfanyabiashara binafsi ndiye mwenyewe anayeingia mikataba hata akiwa na jina la biashara ukutani, ilhali kampuni ni mtu wa kisheria anayejitegemea. Sisi zabuni zilidai jina la kwenye cheti, hivyo jina la kibiashara peke yake lisingetufaa, na wakala alitueleza hivyo kwa maandishi.

Lipo pia wazo la kufungua kampuni mpya yenye jina jipya na kuiacha ile ya zamani, wazo ambalo mwenzangu alilipenda mwanzoni kwa kuwa lilionekana safi. Mwanasheria wa wakala alilipinga kwa hoja zilizonyooka. Kampuni mpya ni mtu mpya: haina historia ya kodi, haina rekodi ya kazi zilizofanyika, haina leseni wala mikataba, na kila kimoja kati ya hivyo kingepaswa kuhamishwa kwa ridhaa ya upande wa pili. Kampuni inayobadilisha jina hubaki ile ile na namba yake ya usajili ile ile. Kwa kampuni ndogo inayotegemea uzoefu wake kushinda zabuni, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Utafutaji wa jina ulifanywa kwa uangalifu, lakini katika rejista moja tu. Tulipendekeza majina matatu, na ripoti ilionyesha kwamba moja lilikataliwa ingawa hapakuwa na kampuni yenye jina linalofanana nalo herufi kwa herufi. Sababu ni kwamba msajili anapolinganisha majina kwa kawaida hayahesabu maneno yanayoonyesha aina ya kampuni, alama za uandishi, nafasi kati ya maneno, wala tofauti ya «na» kwa alama ya «&». Jina ulilolitofautisha na la mwenzako kwa nukta moja, kwa macho ya msajili ni jina lile lile. Sehemu hii ya ripoti ilieleweka vizuri na ilitusaidia kuchagua.

Ripoti haikugusa alama za biashara, na hapo ndipo ninapotoa lawama. Msajili wa kampuni akikubali jina, maana yake ni kwamba halijasajiliwa na kampuni nyingine katika rejista yake. Haimaanishi kwamba hakuna mwenye haki ya alama ya biashara juu ya neno hilo. Hizo ni rejista mbili tofauti zenye sheria tofauti, na mwenye alama anaweza kumzuia mwenye cheti halali kulitumia jina lake katika bidhaa za aina moja na zake. Mwenzangu alitafuta mwenyewe katika rejista ya alama na kwenye anwani za tovuti, akagundua kwamba moja kati ya majina mawili yaliyobaki lilikuwa tayari alama ya mtengenezaji wa vifungashio. Ripoti ya wakala ilikuwa imelipa jina hilo nafasi ya kwanza. Mtu anayelipia utafutaji wa jina ana haki ya kuambiwa waziwazi ni wapi palipotafutwa na ni wapi hapakutafutwa.

Azimio la wanahisa liliandikwa vizuri sana, na kwa sehemu hii peke yake ningelipa tena. Sheria za nchi nyingi zinataka jina libadilishwe kwa azimio maalumu, yaani lenye kura nyingi zaidi ya wingi wa kawaida. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya kampuni ya mwaka 2006 inataka kura zisizopungua asilimia 75, au njia nyingine iliyowekwa na katiba ya kampuni yenyewe. Wakala alisoma kwanza katiba yetu, akathibitisha kwamba haina sharti la ziada, kisha akaandaa azimio, kumbukumbu za kikao na toleo jipya la katiba lenye jina jipya kila mahali lilipotajwa. Jina jipya liliandikwa kwa namna moja katika nyaraka zote tatu, pamoja na neno la mwisho linaloonyesha ukomo wa dhima (kama «Limited») likiwa kamili bila kufupishwa. Yeyote aliyewahi kurudishiwa maombi kwa sababu ya ufupisho uliopo ukurasa mmoja na usiopo mwingine atauthamini uangalifu huo.

Msajili aliyakubali maombi bila kuyarudisha. Cheti chenyewe kina sentensi moja ya maana: kwamba kampuni yenye namba fulani, iliyosajiliwa kwa jina fulani, sasa inajulikana kwa jina jingine. Majina yote mawili yapo katika karatasi moja, na namba iko juu yake. Wakala alitushauri tuombe nakala kadhaa zilizothibitishwa papo hapo, ushauri mdogo uliotufaa sana baadaye, kwa kuwa ofisi nyingi hazikubali nakala ya kawaida na baadhi hubaki nayo. Pamoja na cheti alituma maelezo mafupi juu ya athari za kisheria: kwamba haki na wajibu wa kampuni haviguswi, kwamba madeni hayafutiki, na kwamba shauri lililofunguliwa kwa jina la zamani linaendelea kwa jina jipya. Maelezo hayo yalikuwa sahihi na yameandikwa kwa lugha ambayo mtu asiye mwanasheria anaielewa.

Kisha ikaja orodha ya mahali pa kutoa taarifa, na huduma ikaanza kupwaya. Orodha ilikuwa ndefu na haikukosea kwa yaliyomo: mamlaka ya kodi, benki, leseni, bima, mikataba, tovuti, muhuri, karatasi za barua, ankara. Kilichokosekana ni mpangilio. Muhuri na ankara vilitajwa mwanzoni na benki ikawekwa karibu na mwisho, na barua iliyoambatana nayo ilitutaka tuanze kutumia jina jipya katika nyaraka zote siku ya cheti. Kisheria ushauri huo hauna kosa, kwa sababu jina jipya huanza kufanya kazi pale cheti kinapotolewa. Lakini akaunti ya benki ilikuwa bado na jina la zamani, na benki haikukubali kuibadilisha mpaka ione kumbukumbu za mamlaka ya kodi zenye jina jipya, wala mamlaka ya kodi haikubadilisha chochote kabla ya kupokea nakala iliyothibitishwa ya cheti.

Matokeo yake yalionekana katika ankara ya kwanza. Mteja mmoja hulipa kupitia mfumo unaolinganisha jina la mlipwaji na jina lililoko kwenye akaunti, na mfumo ukayakataa malipo kwa sababu majina hayakulingana. Mhasibu wa mteja huyo ndiye aliyependekeza suluhisho, na tumeendelea nalo katika kipindi chote cha mpito: juu ya ankara tuliandika jina jipya na chini yake «hapo awali ikijulikana kama», likifuatiwa na jina la zamani na namba ya usajili, na katika sehemu ya malipo tuliandika jina la akaunti kama benki ilivyokuwa nalo wakati huo. Mistari hiyo miwili ingeweza kuwekwa katika barua ya wakala bila gharama yoyote.

Utaratibu ninaoupendekeza, baada ya kuupitia, ni kwamba cheti kiende kwanza mamlaka ya kodi, kisha benki, kisha leseni na bima, na uchapishaji wa muhuri, karatasi na mabango uje baada ya hapo. Namba ya mlipakodi kwa kawaida haibadiliki kwa sababu ya jina peke yake. Hata mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, haihitaji kampuni iombe namba mpya kwa sababu hiyo. Kinachohitajika ni taarifa, na ifike mapema, ili marejesho yanayofuata yasije na jina lisilojulikana katika kumbukumbu zao.

Mkopeshaji anastahili kutajwa peke yake, na katika orodha ya wakala hakuwemo kabisa. Mikataba mingi ya mikopo ina kifungu kinachomtaka mkopaji atoe taarifa kabla ya kubadilisha jina, na kukipuuza kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuvunja mkataba hata kama marejesho yanalipwa kwa wakati. Sababu ni ya msingi: dhamana juu ya mali za kampuni mara nyingi husajiliwa kwa jina la mdaiwa, na jina likibadilika mtu anayetafuta rejista huenda asiione. Nchini Marekani, jina likibadilika kiasi cha kuwapotosha watafutaji, mkopeshaji ana miezi 4 ya kurekebisha taarifa yake, la sivyo dhamana yake haitafunika mali inayopatikana baada ya muda huo. Sisi tulikuwa na mkopo mdogo wa mashine, na kwa kuwa tulisoma mkataba wetu wenyewe tulimwandikia mkopeshaji kabla ya azimio kupitishwa. Tulijibiwa kwa adabu na kutakiwa kutia saini nyongeza ya ukurasa mmoja.

Barua ya kuwaarifu wateja ndiyo nyaraka niliyoifanyia kazi zaidi, kwa sababu kiolezo cha wakala kilikuwa cha hatari kwa namna ambayo sidhani mwandishi wake aliifikiria. Kilitangaza jina jipya kwa furaha, kikaweka nembo mpya, na chini kikaeleza maelezo ya malipo. Siku hizi kila mhasibu makini amefundishwa kuitilia shaka barua ya aina hiyo, maana matapeli hutumia ujumbe unaofanana nayo kabisa ili kuhamisha malipo kwenda akaunti zao. Tuliiandika upya. Tulieleza kwamba namba ya akaunti haijabadilika na haitabadilika, tukataja namba ya usajili ili mteja aihakiki mwenyewe kwa msajili, tukaambatanisha nakala ya cheti, na tukamwomba apige simu kwa namba aliyonayo tayari katika kumbukumbu zake, si namba iliyoandikwa katika barua. Wateja wetu wawili walipiga simu, na mmoja alisema kwamba sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfanya aiamini barua.

Kuhusu mawasiliano sina malalamiko. Maswali yalijibiwa na watu waliosoma faili letu, na tulipolalamika juu ya rejista ya alama za biashara walikiri upungufu bila kutuzungusha, wakaturudishia sehemu ya malipo.

Mwishoni walitupendekezea huduma ya kila mwaka ya kulinda jina letu la zamani, na tuliikataa baada ya kusoma masharti yake. Wasiwasi wenyewe ni wa kweli, kwa kuwa katika nchi nyingi jina lililoachwa huweza kuchukuliwa na mwingine, na mteja wa zamani akaishia kwa mgeni. Lakini walichokuwa wakiuza ni kufuatilia rejista na kututumia taarifa baada ya jina kuchukuliwa, jambo ambalo halimzuii mtu yeyote. Badala yake tumelisajili jina la zamani kuwa jina la kibiashara la kampuni hii hii, na tumebaki na anwani ya tovuti ya zamani pamoja na barua pepe zake, zote zikielekezwa kwenye anwani mpya. Ankara za wasambazaji wawili bado huingia kwa njia hiyo.