Whitby: nenda, ila usiende na kurudi siku hiyohiyo

Wengi wanafika Whitby, mji wa pwani huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, saa tano asubuhi, saa kumi washaondoka, halafu wanakwambia kamji kadogo hakana jipya. Mi mwenyewe mara ya kwanza nlifanya hivyohivyo, nikaambulia kuzunguka natafuta parking na kusukumana na watu pale Church Street. Safari hii nimelala siku mbili, kwakweli ni mji mwingine kabisa.

Saa moja asubuhi nilikua kwenye zile ngazi 199 za kupanda kanisani juu ya kilima, peke yangu. Njiani kuna sehemu pana zina mabenchi, nikajua wamewawekea watu wa magoti mabovu kama mimi, kumbe enzi hizo waliokua wanapandisha jeneza kanisani St Mary's walilitua hapo wavute pumzi kidogo. Nikakaa nikawaonea huruma.

Magofu ya abasia, yani makao ya zamani ya watawa, yanafunguliwa baadae kwahiyo nikarudi. Aliyeianzisha mwaka 657 ni mwanamke, Hild, akaongoza watawa wa kike na wa kiume pamoja, na 664 kikao kikubwa cha kuamua Pasaka ihesabiweje kilifanyika hapo. Kuta za sasa sio zake lakini, ni za karne nyingi baada yake, mfalme Henry VIII akaja kuifunga 1539, halafu Desemba 1914 meli za Wajerumani zikaipiga mizinga. Kuna wanaolalamika eti unalipa kiingilio kuona nyumba haina paa. Lipa tu bana, ule upepo unavyopiga mluzi kwenye madirisha matupu na bahari iko chini yako hauusikii ukiwa nje ya ukuta. Beba koti, hata Julai.

Upande wa pili wa mto kuna tao la taya za nyangumi, kila mtu anapiga picha hapo, dakika tano zinatosha. Madukani utaona vito vyeusi vinaitwa jet (sio ndege jamani), ni mbao za zamani sana zilizogeuka jiwe, Malkia Victoria alivivaa alipofiwa na mumewe 1861 basi nchi nzima ikafata. Bei imechangamka.

Samaki na chipsi ni wazuri mno, ganda linavunjika kwa sauti na ndani nyama nyeupe inatoa mvuke, ila mambo mawili. Kwanza, huku Yorkshire wengi wanakaangia mafuta ya ng'ombe, kwahiyo kama unakula halali au huli nyama uliza kabla hujalipa. Pili shakwe, wale ndege wa baharini. Mimi kipande kimeondoka mkononi nikiwa nimeshafungua mdomo, sikumuona anakuja, nilisikia bawa tu sikioni. Kaa ukiegemea ukuta.

Nilipolala sipataji, maji ya moto yalikua yanakuja kwa zamu na ngazi za kupanda chumbani nadhani nazo zilikaribia 199, soma maoni ya watu kabla hujabuki.

Siku ya pili chukua basi hadi Robin Hood's Bay, kama kilomita 10 hivi kusini, kijiji kimeng'ang'ania kwenye mteremko mkali mpaka baharini. Angalia kwanza ratiba ya maji. Yakipwa unatembea juu ya miamba unachungulia kaa kwenye vidimbwi, yakianza kujaa yanafika chini ya jabali haraka na njia inakatika, mimi nilitoka viatu vimelowa na nilikua nimechelewa dakika chache tu.